Kasaini Mwenyewe: Shylock, Portia na Haki ya Karatasi

Fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu alichukua mkopo wa kausha damu wa laki tatu. Alipokea pungufu, kwa kuwa ada ya fomu na rejesho la kwanza vilikatwa palepale mezani. Akarejesha wiki baada ya wiki, mwanawe akaugua, akaruka marejesho mawili, faini ikaanza kuhesabiwa kwa siku, na mwisho vijana wa mkopeshaji wakaja na bajaji wakabeba cherehani. Hayo tumeyazoea. Kilichoniudhi ni mzee mmoja msomi, mtu wa heshima zake, aliyekuwepo shauri lilipofika ofisi ya serikali ya mtaa. Alisikiliza kidogo, akavua miwani, akasema: "Kasaini mwenyewe. Nani alimshika mkono?" Waliokuwepo wakaguna kukubali, daftari likafungwa.

Nimeyachukua maneno hayo nikayapeleka Venisi, mbele ya watu wawili ambao kwa miaka mingi tumefundishwa kuwatazama kama mashariki na magharibi ya haki: Shylock na Portia wa Shakespeare. Wengi wetu tuliwajua kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa asiyeikumbuka hadithi: Bassanio anataka fedha za kwenda Belmont kumposa Portia, mwanamke tajiri. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini, anamchukulia mkopo wa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, wa miezi mitatu. Safari hii Shylock hataki riba. Anataka kiandikwe kitu anachokiita mzaha tu: Antonio asipolipa kwa tarehe, akatwe ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari zinakuja kwamba jahazi zimezama. Tarehe inapita. Shylock anafika mahakamani na kisu.

Fasili za haki nazipita. Kumpa kila mtu anachostahili, kulipa unachodaiwa, kumtendea mwenzio kama unavyotaka kutendewa: ziko vitabuni, hazijamrudishia mtu cherehani.

Haki ya Shylock ni nyepesi kuieleza. Neno limesemwa, limeandikwa, limepigwa muhuri, na dola inayolivunja imejitangaza kuwa haina sheria. Wala si uongo wa mwovu. Antonio mwenyewe, akiwa mikononi mwa askari, anakiri kwamba Mtawala wa Venisi hawezi kuizuia sheria, kwa sababu biashara ya mji ule inasimama juu ya wageni, na wageni wanataka kujua kwamba karatasi yao itasomwa kama ya wenyeji. Portia naye, akiwa amejivika joho la mwanasheria kijana, anasema hakuna mamlaka yenye uwezo wa kubadili hukumu iliyokwisha kuwekwa. Hadi hapo watatu hao wanakubaliana.

Haki ya Portia ndiyo tuliyoikariri shuleni: huruma iko juu ya sheria, na anayedai haki peke yake asahau kwamba naye siku moja ataomba kusamehewa. Hotuba nzuri sana. Tatizo langu ni kinachofuata. Shylock anapokataa huruma, Portia anaiweka kando na kuichukua karatasi ileile. Mkataba umesema nyama, anatamka, haukusema damu. Kata, lakini tone moja lisidondoke, na ratili isizidi wala kupungua uzito wa unywele. Shylock amepigwa kwa fimbo yake. Kisha inatolewa sheria nyingine, inayomhusu mgeni anayeitafuta roho ya raia: nusu ya mali yake kwa raia aliyelengwa, nusu kwa dola, na uhai wake mikononi mwa Mtawala. Shylock alikuwa mgeni katika mji alioishi.

Kwa hiyo simwoni mshindi wa huruma dhidi ya mtumwa wa sheria. Naona wasomaji wawili wa karatasi, mmoja akiwa na macho makali zaidi. Tena huyo mwenye macho makali ni mke wa Bassanio, aliyefunga naye ndoa akiwa na habari kwamba deni la Antonio lilifanyika kwa ajili ya safari ya kumposa yeye. Katika mahakama yoyote ya wilaya, wakili mchanga angesimama kuomba hakimu huyo ajitoe kwenye shauri. Venisi hakuna aliyejua, na watazamaji wanaojua wanapiga makofi.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana jambo la damu na ratili lina historia ninayoipenda. Warumi wa kale, kwenye zile sheria za Mbao Kumi na Mbili za yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, walimpa mdaiwa siku 30 za kulipa. Zikipita, mdai aliweza kumfunga siku 60, akimpeleka gulioni mara tatu ili deni litangazwe na pengine atokee wa kumkomboa. Asipopatikana, mdaiwa aliuawa au kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber. Na kama wadai ni wengi, sheria iliwaruhusu kumgawana vipande. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya pili, aliyetuhifadhia habari hiyo, alisema hakusikia hata mtu mmoja aliyewahi kukatwa hivyo. Lakini sheria iliongeza kifungu kinachonifanya nicheke kila nikikikumbuka: wakikata kidogo zaidi au kidogo pungufu, haihesabiki kuwa kosa. Wale wazee walikwisha kumwona Portia anakuja, wakaufunga mlango wake miaka elfu mbili kabla hajaandikwa!

Naye Mjerumani Rudolf von Jhering, mwanasheria mkubwa wa karne ya 19, alimkasirikia Portia hadharani katika kitabu cha mwaka 1872. Hoja yake ni kwamba mkataba ule ama ulikuwa halali ama haukuwa. Kama ni batili kwa sababu unakiuka utu, hakimu alipaswa kusema hivyo wazi tangu mwanzo. Kama ni halali, basi anayepewa nyama amepewa na damu iliyomo ndani yake, na kusema vinginevyo ni ujanja duni. Mwenzake Josef Kohler alimjibu mwaka 1883 akimtetea Portia: ndivyo sheria ngumu inavyolainishwa, kwa hila, hadi hapo watu watakapothubutu kusema ukweli wenyewe. Nimekuwa upande wa Jhering kwa muda mrefu. Siku hizi nikimkumbuka fundi wetu namwonea Kohler wivu. Laiti angepatikana hata mtu wa hila.

Sasa nirudi kwa mzee wa miwani, kwa sababu neno lake ndilo ninalotaka kupigana nalo. Anasema saini inamaliza maneno. Haya, tumpime Antonio kwa kipimo hicho. Antonio hakuwa na njaa. Hakuwa na mtoto hospitali. Aliomba fedha ili rafiki yake aende posa akiwa amependeza. Alisoma masharti, akayacheka. Bassanio alimsihi asitie saini, akasema heri abaki na shida yake, naye Antonio akamjibu kwamba jahazi zitarudi mwezi mzima kabla ya tarehe. Kama kuna mtu duniani aliyesaini mwenyewe, kwa hiari, akili timamu na onyo masikioni, ni huyo. Kwa nini basi, karne zaidi ya nne tangu mchezo huo uandikwe, hakuna mtazamaji anayesimama ukumbini kusema: "Mkateni, kasaini mwenyewe"?

Tunamhurumia kwa sababu ni muungwana, ana marafiki, na mke wa rafiki yake ana fedha za kulipa deni mara nyingi. Fundi cherehani hatumhurumii. Saini yake ina nguvu kuliko ya tajiri wa Venisi, ilhali alisaini karatasi ya Kiingereza, usiku, akiwa na shida kichwani na wino wa kuazima. Huyo ndiye tunayemwambia kwamba alikuwa huru.

Tena neno la mzee si sheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyochotwa katika sheria ya India ya mwaka 1872, inataka ridhaa iwe ya hiari. Inatambua kwamba ridhaa huharibiwa na vitisho, ulaghai, na ushawishi usiofaa wa mwenye nguvu juu ya mnyonge. Mkataba ukitaja adhabu kwa atakayeuvunja, mdai hapati moja kwa moja kila kilichoandikwa. Anapata fidia ya kiasi kinachofaa. Maana yake ni kwamba waliotunga sheria walijua saini ni mwanzo wa maswali. Mzee, pamoja na elimu yake, amerudi nyuma ya wakoloni.

Amerudi nyuma zaidi ya hapo. Kumbukumbu la Torati linakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Badala ya jiwe hilo weka cherehani, uone kama kuna tofauti. Kurani, katika Al-Baqara, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Solon, aliyepewa madaraka Athens mwaka 594 kabla ya Kristo, alifuta madeni na kupiga marufuku kukopa kwa kuweka mwili wa mtu dhamana. Hakuna kati ya hao aliyedhani kwamba wadaiwa walikuwa wameshikwa mikono. Walijua fika kwamba maskini atakubali lolote siku ya shida, na ndiyo sababu mkono waliouzuia ni wa mdai.

Atasema hizo ni dini na zama za kale. Basi na tumsikilize Shylock mwenyewe, ambaye katika suala hili ana akili kuliko sisi sote. Akiulizwa atatarajia vipi huruma naye hana, anawageukia wakubwa wa Venisi: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa, na nikiwaambia muwaachie huru mtanijibu kwamba ni mali yenu. Nami nyama hii nimeinunua. Mtawala halijibu swali hilo. Anazungumzia kuahirisha shauri. Portia, aliye na jibu kwa kila kitu, bado hajaingia, na akiingia halirudishi swali hilo mezani.

Sisi wa pwani hii tunalijua jibu alilokwepa. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ikaenda kwa wenye watumwa. Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na amri ya mwaka 1897 ilipoiondoa hadhi ya utumwa, mwenye mtumwa aliwekewa fidia, na mtumwa akatakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Wenye mali walikuwa na karatasi. Waliokuwa wamenunuliwa hawakuwa nayo.

Ziko hoja nyingine, na zina uzito kuliko ya mzee. Kwamba mikopo isiporudishwa hakuna atakayemkopesha mnyonge ni kweli, na wana vikoba watakueleza vizuri kuliko mimi. Kwamba Shylock alitemewa mate na Antonio sokoni kabla hajachukua kisu pia ni kweli, na ingetosha kuwa insha nyingine.

Baada ya yote haya, kati ya wawili hao ningetaka yupi awe hakimu wangu? Shylock ananitisha, ila najua atafanya nini: atasoma kilichoandikwa, kwa tajiri na kwa maskini, bila kupepesa. Portia ananitisha kwa namna nyingine, maana huruma yake inawafikia watu wa nyumbani kwake. Lakini bila Portia Antonio angekufa pale pale, na siwezi kuita kifo hicho haki kwa sababu tu karatasi ilikuwa imenyooka. Kila nikimchagua mmoja namkuta mtu amelala chini, akivuja damu au amevuliwa mali. Wala sijui hakimu wa tatu anafananaje.

Ninachojua kimo katika ukurasa ambao walimu wetu waliuruka. Shylock aliposhindwa, Antonio aliomba masharti mawili: Myahudi huyo awe Mkristo, na aandike hati kwamba akifa mali yake yote iende kwa binti yake Jessica na Lorenzo, kijana aliyemtorosha binti huyo pamoja na vito vya baba yake. Mtawala akaongeza kwamba akikataa, msamaha wa kuuawa unafutwa. Portia akamuuliza kama ameridhika. Akajibu kwamba ameridhika, anaumwa, waitume hati nyumbani ataisaini. Katika sehemu ya tano hati hiyo inafika Belmont, na Nerissa, mhudumu wa Portia, anamkabidhi Lorenzo. Wewe unayeamini kwamba saini inamaliza maneno, nieleze saini hiyo, kisha twende pamoja tukafungue lile daftari la mtaa.