Kiganja kilichochelewa

Niliwahi kumpelekea mhariri rekodi siku nne baada ya habari kutoka. Ilikuwa ya kweli kabisa, lakini aliniangalia kama nimeitengeneza mwenyewe. Ndiyo maana namwonea huruma kidogo Luteni Day wa polisi wa Dallas.

Novemba 22, 1963, siku Kennedy alipouawa, anasema alifungua bunduki, akakuta alama ya kiganja chini ya mtutu, akaibandua kwa utepe. Usiku huohuo bunduki ikaenda FBI. Latona, mtaalamu wao, hakupata alama ya kutambulika. Kadi yenye kiganja iliwafikia tarehe 29, Oswald kashazikwa.

Mwaka 1964 FBI walikuta kasoro za chuma cha mtutu zimenaswa kwenye utepe uleule. Basi kiganja kilitoka pale, mimi hapo sibishani. Lakini lini? Hapo tunabaki na neno la Day, ambaye mwenyewe alisema alama ilionekana ya zamani. Na sehemu ile haishikiki mpaka ufungue bunduki. Kwa hiyo hata nikimwamini Day mia kwa mia, kiganja kinaniambia Oswald aliishika ikiwa imefunguliwa. Nani alifyatua, hakisemi.