Nani Anaishi Pembeni mwa Ramani?

J.R.R. Tolkien alieleza kwamba alianza na ramani, kisha akaifanya hadithi iifuate. Waandishi wengi wa fantasia wamemuiga. Kabla ya mhusika kupata jina, mito imeshachorwa na safari zimeshapimwa kwa siku za mwendo. Ni kazi tamu. Lakini je, mchoraji wa nchi isiyokuwepo anaweza kumdhulumu mtu?

Mtu atajibu haraka kwamba hawezi, maana asiyekuwepo hana cha kudai. Basi itazame ramani ya The Lord of the Rings, riwaya iliyotoka 1954 na 1955. Kaskazini-magharibi kumejaa majina. Ukishuka kusini hadi Harad, au ukienda mashariki hadi Rhûn, majina yanakwisha na karatasi inabaki nyeupe. Huko kweupe ndiko yanakotoka majeshi ya kumsaidia Sauron. Tolkien mwenyewe aliligusa jambo hili: Sam anapoiona maiti ya askari wa Harad, anajiuliza aliitwa nani, na kama kweli alikuwa mwovu au alidanganywa tu. Hapati jibu, na hadithi inasonga mbele.

Utaniambia kila ramani lazima iishie mahali. Kweli. Mfaransa d'Anville, katika ramani yake ya Afrika ya 1749, aliacha patupu sehemu kubwa ya ndani ya bara kwa sababu hakutaka kuandika asichokijua. Huo ulikuwa uaminifu, ingawa baadhi ya waliokuja baadaye waliusoma utupu wa namna ile kama ardhi isiyo na mwenyewe, na sisi wa nchi za maziwa makuu matokeo yake tunayaishi. Mwandishi wa fantasia hana udhuru wa d'Anville. Akiacha patupu, ameamua. Hata hapo simlaumu, mpaka atakapoleta adui kutoka humo.

Wengine hudhani dawa ni kuigeuza ramani. Al-Idrisi, aliyemchorea Mfalme Roger wa Sicily mwaka 1154, aliweka kusini juu, nasi hupenda kuionyesha ramani ile kwa fahari. Lakini nayo ina pembe zake. Ursula K. Le Guin aligeuza rangi: katika A Wizard of Earthsea (1968) wakazi wengi wa visiwa ni weusi na wa rangi ya shaba, na weupe, watu wa Kargad, ni wavamizi kutoka kaskazini-mashariki. Pembe imebaki pembe, waliohamishwa ni wakazi tu.

Ninachokithamini zaidi ni kitabu chake cha pili, The Tombs of Atuan (1971). Hadithi inahamia nchini kwa wale wavamizi, kwa Tenar, mtoto aliyechukuliwa kutoka kwa wazazi wake wenye shamba la matufaha akalelewa kuwa kuhani. Na Ged, shujaa wa kitabu cha kwanza, anaingia humo kama mwizi.

Kwa hiyo wewe unayechora nchi yako nyuma ya daftari la mhadhara, ichore mara ya pili ukiwa umeketi nyumbani kwa adui. Wanateka maji wapi? Wanamwogopa nani? Huenda ukagundua kwamba vita vyako havina sababu tena, na sura tatu zikabidi zifutwe.