Mapendo Ndiyo Yanayomtuma Mkristu

Wapendwa wakatekumeni, mko njiani kuuendea Ubatizo. Mmekwisha kujifunza Ishara ya Msalaba, Baba Yetu na Amri za Mungu. Jioni, mrudipo nyumbani kutoka mafundishoni, mjomba au jirani huuliza: «Leo mmefundishwa nini?» Swali hilo ni dogo, lakini ni mlango. Mkristu amjibuje? Tena, kwa nini amjibu?

Wako wanaojibu kwa majivuno, wapate kuonekana kuwa wana akili kuliko wazee wao. Wengine hujibu kwa kupenda mabishano, nao hufurahi mwenzao anyamazapo kwa aibu. Wengine husema mengi mbele ya padri ili wasifiwe. Hao wote wasema habari za Mungu, lakini mioyo yao yajitafutia faida. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinti, sura ya 13, aonya kwamba mtu aweza kuwa na maneno mazuri sana, na elimu nyingi, na hata imani kubwa. Lakini asipokuwa na mapendo, si kitu.

Fikirini habari ya moto. Jirani ambaye moto wake umezimika usiku huja asubuhi kuomba kaa. Mwenye moto hapunguziwi kitu akimpa. Jiko lake laendelea kuwaka, na nyumba ya pili yapata kupika. Lakini kaa hutolewaje? Huwekwa juu ya kigae, kisha likatolewa kwa mkono wa upole. Mtu akimtupia mwenzake kaa lile lile, amemchoma. Moto ni mmoja; tofauti ni namna ya kuutoa. Ndivyo ilivyo imani. Ikitolewa kwa mapendo, yapasha mioyo moto. Ikitupwa kwa dharau, yaunguza, na aliyeungua hukimbia.

Nchi ya Kongo yenyewe imepata mfano wa jambo hili. Isidori Bakanja alizaliwa karibu na mwaka 1887, katika jimbo la Ekwatere. Alipokuwa kijana alikwenda Mbandaka, mji uliokuwa ukiitwa Coquilhatville, akafanya kazi ya kuwasaidia waashi. Huko alisikia mafundisho ya dini kwa mapadri Watrapisti, naye akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, na rozari haikumtoka mkononi.

Baadaye alipata kazi ya utumishi Ikili, penye shamba la mpira, mbali na misioni. Hakuwa katekista, wala hakuna aliyemtuma kufundisha. Walakini aliwafundisha wenzake kusali kila alipopata nafasi, hata wengi wakamdhani kuwa katekista. Alichopata kwa furaha hakuweza kukila peke yake.

Msimamizi wa shamba lile, mtu aliyetoka nchi yenye makanisa mengi, aliwachukia mapadri. Alimkataza Isidori kuwafundisha wenzake, akisema kwamba kijiji kizima kitasali na kazi itaachwa. Alimwamuru pia avue skapulari. Isidori hakuivua. Ndipo katika mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, mapigo zaidi ya mia, kisha akafungwa minyororo. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja, nacho kikaoza.

Mapadri walipomfikia katika mwezi wa Julai, walimhimiza amsamehe yule aliyempiga. Isidori aliwajibu kwamba hana chuki naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa katika mwezi wa Agosti 1909, rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Tazameni vema jambo hili. Kama Isidori angaliwafundisha wenzake kwa kutafuta heshima, mjeledi ungalimnyamazisha. Kama angaliwafundisha kwa ushindani, angalikufa akimlaani adui yake. Lakini aliwafundisha kwa kuwapenda. Na mapendo hayo yalikuwa makubwa hata yakamfikia mwenye mjeledi. Msamaha wake ulikuwa fundisho lake la mwisho, nalo lapita yote aliyoyasema.

Basi, mkatekumeni afanyeje? Kwanza, asali. Kabla ya kusema na ndugu yake habari za Mungu, aseme na Mungu habari za ndugu yake. Pili, atende. Kumtekea maji mama mgonjwa, kulipa deni, kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba: mambo hayo huonekana na wote, hata na wasiojua kusoma. Tatu, aseme, kwa upole na kwa maneno machache, akiwapa wazee heshima yao.

Na mjomba akikataa? Katika Injili ya Marko, sura ya 10, kijana tajiri alimjia Bwana Yesu. Bwana alimtazama, akampenda, akamwita. Kijana akaenda zake kwa huzuni. Bwana hakumkamata kwa nguvu, wala hakumtukana. Mapendo huita, hayashurutishi. Vilevile hayachoki: anayekataa leo asinyimwe salamu kesho, wala chakula, wala sala.

Tena liko jambo moja gumu. Mtu asiyesemezana na ndugu yake hawezi kupeleka Habari Njema nyumba ya tatu huku akiiruka nyumba ya pili. Aanze pale penye uchungu. Aende akapatane kwanza.

Jioni ya leo, msalipo rozari, kila mmoja ataje mbele ya Mungu jina la mtu mmoja: yule anayempenda na asiyemjua bado Kristu, au yule aliyemkosea. Kesho asubuhi aende akamsalimu.