Kondoo wa Maabara na Kizazi cha Mama

Miongoni mwa masuala yanayowafikia jamaa waliohamia Mesquite, mji ulio mashariki ya Dallas, ni hili: je, yajuzu kumuumiza mnyama ili zijulikane siri za kizazi cha mwanamke? Suala hili si la kufikirika tu. Katika Dallas hiyo hiyo, kwenye Chuo Kikuu cha Texas Southwestern, Dk. Charles Rosenfeld na wenziwe walichunguza kwa miaka mingi jinsi mishipa ya damu ya kizazi cha kondoo inavyotanuka wakati wa mimba.

Kwa mwanamke asiye na mimba, damu ipitayo kizazini ni kiasi cha mililita 50 kwa dakika. Mimba ikikaribia kutimia hupindukia 500. Vishipa vyembamba visipotanuka ipasavyo, mtoto hudhoofika tumboni, na mama huenda akapandwa na shinikizo la damu hata akapatwa na kifafa cha mimba. Nani, Unguja au Maskati, asiyemjua mama aliyeondoka kwa maradhi hayo?

Uislamu umehalalisha kuchinja, wala haukuhalalisha kutesa. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, na akatoa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfunga bila ya chakula. Kondoo wa machinjioni huumia kitambo kidogo. Wa maabara hupasuliwa, japo kwa dawa ya usingizi, hutiwa mipira mishipani, na huishi hivyo siku kadhaa.

Wenye kujuzisha husema kuwa nafsi ya mama ni kubwa zaidi, na kwamba mama mja mzito hawezi kutiwa mipira hiyo bila ya kuhatarishwa. Ni kweli. Lakini kondoo hapatwi na kifafa cha mimba kama binadamu, wala kondo lake la nyuma halishiki kizazi kwa namna moja na la binadamu. Tena magnisiamu salfeti, ambayo Dk. Jack Pritchard na wenziwe wa hospitali ya Parkland, Dallas, walieleza mwaka 1984 kuwa katika wagonjwa 245 waliotibiwa kwayo alifariki mmoja tu, ilithibitika vitandani mwa wagonjwa wenyewe. Basi anayedai faida, na aibainishe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1966, iliyorekebishwa 1985, imelazimisha kamati yenye daktari wa wanyama na mtu wa nje ya taasisi. Panya wanaozalishwa kwa utafiti, sheria hiyo haiwahesabu. Mwislamu hana ruhusa ya kutowahesabu. Kijana afanyaye kazi humo aulize kabla ya kushika kisu: jambo hili halijajulikana bado? Wanyama wachache zaidi hawatoshi? Akijibiwa kuwa kondoo wameongezwa ili makala ipate kuchapishwa tu, basi mkono wake na auzuie, hata kamati ikiwa imeridhia.