Singe, na Swali Nililomuuliza Mzee

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumhoji mwanajeshi mstaafu, jirani wa baba yangu mkubwa, kwa ajili ya makala ya kumbukumbu ya Vita vya Kagera. Alinieleza habari za mizinga na mabomu, nami nikaandika bila kusita. Kisha, kwa tamaa ya kupata kichwa cha habari, nikamuuliza: "Mzee, uliwahi kumchoma mtu kwa singe?"

Akanyamaza. Baadaye akasema, "Gunia nimelichoma sana, mwanangu. Kunywa chai, inapoa."

Njiani kurudi nilijiona mtovu wa adabu. Lakini swali likabaki: mbona niliuliza habari za mizinga bila aibu yoyote? Mzinga unaua watu wengi kwa mpigo. Singe inaua mmoja, tena kwa shida. Kwa nini hiyo ndiyo inayotutia kinyaa?

Nikaanza kusoma habari za singe, na nikakuta kitu ambacho sikukitarajia. Singe aliyobeba askari wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na ubapa wa sentimita 43, upanga mdogo kabisa. Ile ya AKM, bunduki ya Kisovieti ya mwaka 1959, ni ya sentimita 15 hivi, ndefu kidogo tu kuliko kisu cha jikoni. Mgongoni ina meno ya msumeno. Kwenye ubapa kuna tundu. Ukilipachika kwenye kishikizo kilichopo kwenye ala, kisu na ala vinakuwa mkasi wa kukatia seng'enge. Ala imevishwa mpira, ili askari asipigwe shoti waya ukiwa na umeme. Wamarekani walipotengeneza singe yao ya M9 miaka ya 1980 waliliiga wazo hilohilo la mkasi, wakaongeza bisibisi kwenye ala.

Yaani aliyekaa mezani kuichora alikuwa anafikiria waya kuliko mwili wa mtu. Silaha imegeuka kuwa sanduku la fundi.

Sasa, kama ni hivyo, mbona majeshi bado yanafundisha kuchoma? Jeshi la nchi kavu la Marekani liliondoa zoezi hilo katika mafunzo ya awali mwaka 2010, lakini Waingereza wanaendelea nalo. Na wamelitumia: mlima Tumbledown, Falklands, mwaka 1982, Scots Guards walipigana kwa singe usiku. Hata hivyo, mapigano ya namna hiyo ni machache mno ukilinganisha na jasho linalomwagwa kwenye magunia. Kuruta anakimbia, anapiga kelele, anachoma, anachomoa, anachoma tena. Gunia halihitaji kelele zote hizo. Kelele ni za kuruta mwenyewe, ili kitu fulani ndani yake, kile kinachomwambia mkono usiende, kizoee kunyamaza.

Kwa muda nilijiliwaza na wazo moja zuri: kwamba singe ni silaha ya kweli kuliko nyingine, kwa sababu inakulazimisha uuone uso wa unayemuua, na anayeuona uso atasita. Anayerusha droni kutoka bara jingine hana wa kumsitisha. Wazo hilo lingenipa makala tamu sana.

Lakini ukiwa mkweli huwezi kulishika. Nanjing, mwaka 1937, askari wa Kijapani waliwafanyia mateka Wachina mazoezi ya singe, watu waliofungwa kamba, mchana kweupe. Nyuso zilikuwa mbele yao. Ukaribu haukumwokoa mtu. Kabla ya hapo walikwishafundishwa kwamba yule aliye mbele yao si mtu, na gunia na mwili vikawa kitu kimoja.

Kwa hiyo umbali peke yake hauelezi kila kitu. Kuna pia lile tulilokwisha kuambiwa juu ya mtu yule kabla hatujamfikia. Na hapo ndipo naona kazi yangu inaingia, maana wanaoambia watu hayo, mara nyingi ni sisi wenye kalamu. Nimewahi kuandika "magaidi 30 wauawa" nikiwa na andazi mkononi, kwa kuinakili taarifa ya jeshi fulani, bila kuuliza nani aliwahesabu wala nani aliwaita magaidi. Nami pia nilikuwa nachoma gunia.

Sijawa mpinga vita wa kila vita. Mzee yule alitetea ardhi iliyovamiwa, na ninamshukuru. Ila yeye, aliyepitia mazoezi yote na kelele zote, alibakiwa na kitu ambacho hakutaka kukisema mbele ya kinasa sauti. Sijui kama alimchoma mtu au hakumchoma. Ninachojua ni kwamba kama yupo, kwake hakugeuka gunia.

Swali lile nililifuta kwenye makala. Leo nikipokea taarifa yenye idadi ya waliokufa, napiga simu kwanza. Mara nyingine hakuna anayepokea, na habari inachelewa. Mhariri wangu hafurahi.