Mgao wa Wajane

Msimu wa kuchagua wazee wa kanisa ukifika, macho yetu hukimbilia mwenye sauti nzito na mwenye gari. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaanzia kwingine kabisa: kwenye manung'uniko ya chakula. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba, Stefano na Filipo wakiwamo, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea mgao ulikabidhiwa upande ule ule uliolalamika. (Sisi tungewaita wachochezi.) Basi mkikutana jumuiyani kupendekeza majina, ulizaneni kwanza: nani anaijua nyumba ambayo jiko halijawashwa tangu juzi?