Mwanamke Aliyejificha Nyuma ya Bwana

Somo: Marko 5:25–34



Mwanamke huyu alitokwa na damu miaka 12. Matabibu wengi walimwangalia, mali yake ikaisha, wala hakupata nafuu. Akaona haya, akaja kwa nyuma, asionekane na mtu. Maandiko hayatuambii jina la ugonjwa wake, nasi tusilibuni. Lakini kule kujificha kwake twakujua, maana kungali nyumbani mwetu.

Labda yuko kati yetu mama aliyekwisha koma hedhi, kisha damu ikarudi. Afua nguo zake usiku, wala hasemi neno. Majirani wakijua, huuliza: Ni nani aliyemloga? Amekosa nini? Wanafunzi nao waliuliza hivyo juu ya kipofu, naye Bwana akawajibu kwamba si dhambi yake wala ya wazazi wake (Yohana 9).

Basi na tujue sababu zilizo za kweli. Saratani ya mji wa mimba mara nyingi huanza katika utando wake wa ndani. Utando huo hukuzwa na homoni iitwayo estrojeni. Homoni ya pili, projesteroni, huuzuia usizidi. Ya kwanza ikitawala miaka mingi bila ya pili, utando hunenepa, na mwisho waweza kugeuka kuwa saratani. Kwa hiyo mwanamke mnene mno yumo hatarini zaidi, maana mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni hata baada ya hedhi kukoma. Vivyo hivyo mwenye kisukari, na aliyeanza hedhi mapema au kuikoma kwa kuchelewa, na mwenye jamaa ambao saratani hii na ile ya utumbo mpana hurithiwa kwao. Wengi huugua wakiisha kupita miaka 50.

Tena, asiyezaa ana hatari zaidi. Neno hili lisiwe fimbo ya kumpigia. Amekwisha kupigwa kwa maneno mengi. Ni jambo la mwili, si hukumu ya Mungu.

Damu itokayo baada ya hedhi kukoma si saratani kila mara. Lakini kila mara yapasa kupelekwa kwa daktari, hata likiwa tone moja. Yeye aweza kutwaa kipande kidogo cha utando na kukipima. Ugonjwa ukionekana mapema, wengi hupona kwa kuondolewa mji wa mimba.

Tazameni, Bwana hakumwacha mwanamke yule aende zake kwa siri. Alisimama mbele ya mkutano wote, akamwita binti yake, akamwaga kwa amani. Ninyi waume, msingoje mpaka wake zenu waombe nauli. Ninyi mabinti, waulizeni mama zenu kwa upole. Nawe mama ufichaye, ondoka, uende hospitali. Kwenda huko si kukosa imani. Bwana aliyegeuka kumtafuta yule akutafuta wewe pia.

Amina.